Chungu cha Mke Mwenzangu

Jumatatu, 11 Machi

Thuo, dalali ninayemuuzia vyungu, amenipa daftari hili lenye jalada gumu. Anataka niandike kila chungu cha kale ninachopata: kilikuwa cha nani, kilitoka soko gani, kilifikaje Nairobi. Anasema chungu kisicho na hadithi ni udongo tu, lakini kikiwa na hadithi wateja wake wa kule Karen hulipa mara tatu bila kubishana. Sawa, nitaandika. Lakini kalamu ni yangu, kwa hivyo nitaandika na mengine.

Naitwa Kageha. Nilizaliwa Maragoli, nikazeekea Kawangware. Nakaa Gatina, chumba cha chini kabisa kwenye ploti ya ghorofa nne, na nusu ya chumba imejaa vyungu. Mimi ni mjane wa Oketch, fundi wa milango, Mjaluo wa kando ya ziwa, Mungu amlaze popote alipomlaza.

Chungu ninachokitaka kuliko vyote bado sijakipata. Kiko Silanga, kule Kibera, nyumbani kwa Risper, mke mwenzangu. Yeye ndiye mke mkubwa, mtu wa kwao kabisa, mimi ni mke mdogo, mtu wa kuja. Ni chungu cha maji, tumbo pana, shingo fupi, kimekula moshi hadi kikawa cheusi begani. Kilikuwa cha bibi yake Oketch, mama mzaa baba. Kikaenda kwa mama mkwe, na mama mkwe akampa Risper. Miaka kumi na tisa niliyokuwa mke wa boma lile sikukigusa hata mara moja. Kila nikiingia jikoni, mama mkwe alikuwa anakifunika na leso haraka haraka, utadhani macho yangu yana kichaa cha mbwa. Na siku ya kumzika Oketch, mume wangu, nilikalishwa kwenye hema la wageni. Msichana mmoja akaniuliza nitakunywa soda gani. Risper alikuwa ndani na jeneza.

Nilimwonyesha Thuo picha niliyoipiga kwa simu wakati wa matanga. Ana mteja mwenye mkahawa anayetafuta chungu cha kale kutoka ziwani, kiwe kikubwa na kizima. Nilivyomwona Thuo akiikuza ile picha kwa vidole, nilijua nimepata sababu.

Nitakitoa kwa Risper kabla ya mvua za masika kuisha. Pesa ni nzuri, lakini ninachotaka hasa ni kumwona akikitoa kwa mikono yake mwenyewe.

Alhamisi, 14 Machi

Lindi, kule Kibera, kwa Kaluki anayeuza mandazi. Chungu cha Kikamba, cha kupikia, ufa mmoja mdomoni uliozibwa zamani kwa utomvu. Anasema nyanya yake alikuja Nairobi na vyungu sita akimfuata mume aliyeajiriwa na reli. Vitano akavibadilisha kwa maharagwe na wanawake wa Kikuyu sokoni Dagoretti, hiki akabaki nacho. Kaluki alikuwa anawekea makaa ndani yake.

Nilimpa ndoo ya plastiki ya bluu yenye kifuniko. Alifurahi mpaka akanifungia mandazi manne.

"Aki Kageha umenisaidia. Hiyo kitu ilikuwa inakula tu space."

Nilicheka njia nzima hadi Gatina.

Jumamosi, 16 Machi

Joto. Vumbi. Hakuna kitu.

Jumatano, 20 Machi

Leo nimeenda Silanga. Nilivaa viatu vizuri makusudi, ili Risper avione.

Nyumba yake ya mabati iko mwisho kabisa, karibu na bwawa, na nyuma yake ndipo analima sukuma na managu kwenye kipande cha ardhi ambacho si chake. Nilimkuta ameketi kwenye kibao akifunga mboga mafungu. Goti lake la kushoto limevimba. Amezeeka, nilifurahi kuona. Chungu kilikuwa palepale kwenye kona, juu ya kata ya kitambaa, na kikombe kikiwa juu ya kifuniko.

"Nyar Maragoli," akaniita. Hiyo ni binti ya Maragoli kwa Kijaluo, na miaka yote hiyo hawajawahi kuniita jina langu. "Umepotea sana. Keti."

Akajiinua kwa taabu, akachota maji ya chungu, akanipa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kunywa maji yale. Yalikuwa baridi na yalikuwa matamu. Nilikunywa huku nikipiga hesabu ya Thuo kichwani.

"Umekuja kunisalimia ama kuna kitu unaangalia?"

"Nimekuja kununua hicho chungu."

"Cha kufanya nini?"

"Si ni biashara yangu? Wewe unahitaji pesa, mimi niko nazo."

Alijipangusa mikono polepole, kidole kimoja kimoja. Kisha akasema, "Kuna vitu vya kununua na kuna vitu vya kuomba. Hiki mtu akikiomba vizuri, mimi naweza kumsikiza."

Mimi nimuombe Risper! Niliyekalishwa kwa wageni!

"Mimi siombangi mtu," nikamwambia. "Mimi hununua."

"Haya. Basi si kwa pesa. Kama ni kununua, utanunua vile walikuwa wananunua zamani. Unakijaza nafaka, unaniachia nafaka, unabeba chungu. Na si leo." Akachukua fungu lake la managu. "Leo sina njaa."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo mawili ya mwisho. Sina njaa. Nimeyaandika hapa nisiyasahau.

Jumapili, 24 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha tukiwa kanisani. Pasta akashukuru.

Jumanne, 26 Machi

Huyu Risper si mjinga. Hiyo bei ya kujaza ni ya kweli, hata guku, bibi yangu mzaa mama, alikuwa akiisimulia. Wafinyanzi wa ziwani walikuwa wakipanda hadi masoko ya kwetu na vyungu vichwani, wanawake wa Maragoli wanakijaza kimoja maharagwe au wimbi, mfinyanzi anamimina kwenye kikapu chake na kurudi chini akiwa amebeba chakula badala ya udongo. Wa kwetu nao waliteremka na vyao. Kila chungu kilibeba bei yake tumboni na hakukuwa na haja ya kujua lugha ya mwenzako. Nilimweleza Thuo, akaandika kwenye simu yake akitabasamu. Nafaka, samaki, chumvi, vyote vilipita kwenye vyungu. "Fuata chungu utapata njia," alisema, "na ukifika mwisho wa njia utakuta mwanamke. Ameolewa, amekimbia njaa ama ameuzwa." Thuo anapenda kuongea hivyo anapotaka kupunguza bei.

Sasa kilichobaki ni Risper apate njaa.

Anayemnunulia mboga ni Bridgit, mwenye meza tatu sokoni Kawangware. Kila asubuhi hupeleka boda Silanga kubeba magunia mawili. Leo nilinunua nyanya kwake, nikakaakaa, nikamuuliza kama bado anachukua sukuma ya kule bwawani.

"Nachukua. Kwani?"

"Hapana, ni vile tu niliona vile wananyunyizia. Maji ya choo, Bridgit. Wanayatoa kwa mtaro na ndoo. Nilisikia kichefuchefu."

Sikusema uongo mzima. Mtaro upo. Risper hunyunyizia maji ya mfereji anayonunua kwa mtungi, nimemwona kwa macho yangu, goti likimuuma. Bridgit alikunja uso, na wanawake wawili waliokuwa wakichagua sukuma wakaziweka chini.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua usiku na mchana. Maji yameingia chumbani kupitia chini ya mlango. Nimepandisha vyungu juu ya kitanda, mimi nimelala kwenye kiti. Gunia langu moja la mahindi limelowa upande wa chini.

Ijumaa, 5 Aprili

Bridgit ameacha kununua Silanga. Sasa anachukua mboga Wangige, na amewaambia wenzake wote. Habari imekwenda sokoni kote na kurudi kwangu ikiwa imenenepa: leo mama mmoja aliniapia kwamba kuna mtoto alilazwa kwa kula sukuma ya bwawani. Nilimshika mkono, nikamwambia pole.

Jumanne, 9 Aprili

Amondi alikuja. Ni binti wa Risper, ana miaka ishirini na mitatu, hufulia watu nguo kule Kilimani, na kwa mvua hii hakuna anayeita mtu wa kufua. Amekonda. Alisimama mlangoni akichuruzika maji, akaniita mama mdogo, na nikakumbuka kwamba nilimbeba mgongoni akiwa na surua wakati Risper alikuwa ameenda nyumbani kuzika.

"Mama mdogo, kule ni kubaya. Hakuna mtu anachukua mboga. Zinaozea tu hapo nje. Mum hawezi kukuambia, lakini jana tumelala na chai."

"Amekutuma?"

"Hapana. Hata hajui niko hapa."

Nilikuwa na ugali kwenye sufuria. Aliuona, nami nikaona kwamba ameuona. Nikamwambia amsalimie mama yake, na amwambie mimi bado nanunua chungu.

Alipoondoka nilikula. Sitaandika kwamba ugali ulinikwama kooni, kwa sababu haukunikwama.

Ijumaa, 12 Aprili

Bwawa limefurika. Wanasema mashamba yote ya Silanga yako chini ya maji, na nyumba za mwisho zimeingiliwa hadi magotini. Mimi sikuomba mvua, na hilo Mungu anajua.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Thuo amepiga simu mara mbili. Mteja anafungua mkahawa mwanzo wa Mei.

Ijumaa, 19 Aprili

Simu kutoka kwa Risper mwenyewe. Hakunisalimia.

"Kuja kesho na nafaka," akasema, akakata.

Jumamosi, 20 Aprili

Naandika haya nikiwa na tope hadi kwenye nywele, lakini lazima niandike leo.

Nilienda na mikoba miwili ya mahindi juu ya boda. Nitasema ukweli wa mikoba hiyo, kwa kuwa hakuna mwingine atakayesoma ila Thuo, na Thuo hatasoma kurasa hizi. Mkoba mmoja ulikuwa mahindi mazuri ya Kitale. Wa pili ulikuwa ule upande wa chini wa gunia lililolowa: ukungu wa kijani, mengine meusi, harufu ya soksi. Nilikuwa nimeyaweka ya kutupa. Halafu nikajiambia, ya nini kutupa kilo saba, na tumbo la chungu ni kubwa na giza. Mabaya yatangulie chini, mazuri yakae juu. Wauza nafaka wote wa Kawangware wamebonyeza matako ya mikebe yao ya gorogoro ili ipimie kidogo, na hakuna anayewaita wezi.

Maji yalikuwa yametoka ndani ya nyumba ya Risper lakini yalikuwa yameacha mstari ukutani, juu kidogo ya kitanda. Shamba halikuwepo. Palikuwa na maji ya kahawia na sukuma chache zilizosimama shingo nje. Kuku wanne walikuwa wamekaa juu ya meza kwa sababu chini hapakaliki. Risper alikuwa amekiosha chungu na kukikausha. Kilikuwa katikati ya chumba, mdomo wazi.

"Jaza," akasema.

Nilisimama mimi kati yake na chungu, nikamimina mkoba wa mahindi mabaya huku nikiongea. Niliuliza goti. Niliuliza Amondi yuko wapi. Nikamimina ule wa mazuri mpaka mdomoni, na hapo nikaacha wazi ili aone mahindi meupe mazuri yanavyong'aa. Zamani muuzaji alikuwa akikitikisa chungu ili nafaka ishuke na mnunuzi aongeze. Risper hakukitikisa.

"Imejaa?" akauliza.

"Si unaona? Imejaa."

"Haya. Sasa tusaidiane kumwaga."

Alitandaza gunia sakafuni. Tukashika chungu, mimi chini na yeye mdomoni, tukakiinamisha. Na ndipo akili yangu, ambayo imenilisha miaka yote hii, ikaniambia jambo ambalo mtoto wa darasa la kwanza angeliona. Kilichotangulia kuingia ndicho cha mwisho kutoka. Mahindi mazuri yalimwagika yote kwanza, yakatandaa chini. Kisha yale mengine yakaja juu yao, kijani na meusi, yakiwa yameshikana kwa mabonge, mpaka lile gunia likawa kilima cha ukungu mtupu, na ile harufu ikapanda kati yetu.

Nilingoja atukane. Nilikuwa hata na jibu tayari.

Risper aliinama, akachukua punje moja, akaipasua na kucha ya kidole gumba na kuitazama kwa muda. Mvua ilianza tena kwenye mabati.

"Imejaa," akasema. "Beba."

Alikiinua chungu mwenyewe, na goti lile, akakiweka mikononi mwangu. Hiki ndicho nilichokuwa nikitaka tangu Machi. Nilikitoa nje kwenye mvua, nikateleza mara mbili nikikishikilia kifuani, sikukivunja.

Sijisikii nilivyodhani nitajisikia. Labda ni baridi.

Jumanne, 23 Aprili

Nimekikagua vizuri kwenye mwanga wa mlango. Kizima kabisa. Shingoni kuna mshipi uliozungushwa na nyasi zilizosukwa, na chini yake safu mbili za alama za kidole gumba, moja ikiegemea kushoto na nyingine kulia. Udongo ni mwekundu, una chembe zinazometameta.

Vyungu vya ziwani nimevipitisha mkononi zaidi ya arubaini na hakuna chenye udongo huu. Alama hizi niliziona jikoni kwa guku nikiwa na miaka sita, nilikuwa nikipachika vidole vyangu humo navyo havijazi.

Lakini mteja anataka cha ziwani. Chungu cha Maragoli hajakiulizia. Na kwangu mimi, chochote kilichokaa na watu wale ni chao. Basi nikaandika kwenye ukurasa wa Thuo: "Chungu cha maji cha Waluo. Kimefinyangwa kando ya ziwa. Kimetumiwa na familia moja kwa vizazi vinne." Huenda waliwahi kukinunua kutoka kwa mtu wa kwetu sokoni. Thuo hakuuliza, mimi sikusema.

Jumamosi, 27 Aprili

Thuo amekichukua. Amelipa vizuri kuliko alivyowahi. Kwenye kona kilipokuwa kimekaa limebaki duara kavu kwenye sakafu yenye unyevu.

Jumatano, 1 Mei

Mvua. Nimenunua magodoro mawili na jiko la gesi.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua imepungua. Nilimwona Amondi kwa mbali kituoni. Aliniona, akavuka barabara.

Jumamosi, 11 Mei

Risper alikuja. Miaka yote hajawahi kukanyaga Gatina. Alishuka ngazi tatu za mlangoni akishika ukuta, akaketi bila kukaribishwa, akatazama vyungu, magodoro, jiko. Alikuwa na mfuko mdogo wa karatasi mkononi. Nilimpa maji ya mtungi kwenye kikombe cha plastiki. Akashukuru, hakuyanywa.

"Jumatatu narudi nyumbani," akasema. "Nairobi imenishinda. Watakuuliza mimi niko wapi, uwaambie. Na mimi huko wataniuliza chungu kiko wapi. Sasa nimeona nikuambie kwanza kitu umenunua, ndio usisikie kwa watu."

Nikamwambia nina kazi. Akaendelea.

"Bibi yake Oketch hakuwa mtu wa ziwa. Alikuwa mtu wa kwenu."

Nilikaa.

"Mwaka wa nzige. Kwenu hakukubaki jani. Baba yake alishuka na yeye mpaka soko ya chini, na mtoto ndiye alikuwa amebeba chungu kwa kichwa. Alikuwa na miaka kumi na moja. Walikijaza wimbi mara saba. Hiyo ndiyo ilikuwa bei. Wimbi ikapanda kwenu na vikapu, ndugu zake wakapona. Mtoto akabaki, na chungu wakamwachia ndio asilie. Wakampa jina la huku kwetu, akaolewa huku, akazaa baba ya Oketch. Kwa boma haikusemwa tena. Wewe unajua vile wale wanajivuna."

"Uongo," nikasema. Lakini vidole vyangu vilikuwa tayari vinakumbuka zile alama.

"Mama mkwe alikuwa anakifunika kwa nini? Ulifikiria anakuona mchafu? Mama alikuwa anakuogopa, Kageha." Lilikuwa jina langu, mara ya kwanza kinywani mwake. "Alijua ukikiangalia vizuri utajua ni cha kwenu. Utasema mbele ya watu ati boma yote imetoka kwa msichana wa kununuliwa. Ndio maana hata kwa mazishi walikuweka mbali. Lakini akikaribia kufa moyo ulimchoma. Akaniambia: huyu wa Maragoli akija kukiomba, mpe, mwambie yote, na mumwingize ndani kama mjukuu wa yule mama. Akija kununua, mwuzie kama mtu yeyote wa soko."

"Na mbona hukuniambia?"

"Nilikupea maji yake ukunywe. Nikakuambia kuna vitu vya kuomba. Ulitaka nifanye nini tena, nikupigie magoti? Na hii goti?"

Nikalitazama lile goti lililovimba.

Akaweka ule mfuko wa karatasi juu ya meza yangu, akaufungua. Yalikuwa mahindi yangu, ya kijani.

"Haya ni kidogo tu, ya kukuonyesha. Mengine nilipea kuku kwanza, nione. Wote wanne walikufa. Kama singekuwa na kuku, ningempikia Amondi." Alisema bila kupandisha sauti. "Yule mtoto, Kageha, alinunuliwa kwa wimbi safi. Mama alisema waliipepeta, wakachagua mawe yote, mbele ya baba yake, ndio asiseme amedanganywa. Watu wa kununua mtoto walikuwa na hiyo aibu."

Kisha akasema kuna mwanamke sokoni aliyemwambia Amondi nani alianzisha maneno ya maji ya choo. Hakuniuliza kama ni kweli. Aliinuka, akapanda ngazi moja moja, nami nilibaki ndani nikisikiliza mguu wake mmoja ukiburutwa mpaka ukapotea.

Hilo jiko la gesi linanuka. Kila kitu humu kinanuka ukungu.

Jumapili, 12 Mei

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 13 Mei

Nilimpigia Thuo saa kumi na mbili asubuhi. Nikamwambia nataka chungu kirudi, nitarudisha pesa, nitaongeza.

"Kageha, hiyo imeshaenda. Mwenye mkahawa ameiweka kwa reception. Wametoboa chini wakapitisha waya, imekuwa taa. Imetoka poa sana, nikutumie picha?"

"Usitume. Thuo, sikia, ile hadithi niliandika si ya kweli. Hicho ni cha kwetu. Ni cha Maragoli."

Alicheka. Hakuwa na ubaya, alicheka tu. "Sasa ni too late, mama. Wameshaichapisha."

Nikatoka mbio hadi kituo cha mabasi ya kwenda kwao, Siaya. Risper alikuwa ameondoka na basi la alfajiri. Simu yake imezimwa. Amondi alishika yake, akanisikiliza nikilia mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Mama mdogo, kule wanajua tayari. Mum amewaambia umenunua," akakata.

Nimekuwa nikijiuliza yule msichana aliitwa nani kabla ya kupewa jina la ziwani. Risper hakusema, na sasa wote wanaojua hawawezi kuniambia.

Alhamisi, 16 Mei

Jua kali. Mvua imekwisha.

Nimekwenda kuuona huo mkahawa, kule Lavington. Nilivaa vile viatu vizuri. Ndani ni kioo na mbao, watu wanaongea kwa sauti ndogo. Kipo pale mlangoni juu ya stuli ndefu, wamekipaka mafuta ya kung'arisha, kofia kubwa ya kitambaa juu ya mdomo wake na waya mweusi umetoka chini kama mkia. Taa ilikuwa inawaka mchana. Pembeni kuna kadi nzuri iliyosimamishwa. Nilijua maneno kabla ya kusoma. Chungu cha maji cha Waluo. Kimefinyangwa kando ya ziwa. Kimetumiwa na familia moja kwa vizazi vinne.

Nilinyoosha mkono. Nilitaka tu kuweka kidole gumba changu kwenye alama moja, ile inayoegemea kushoto, nione kama sasa kinajaza.

"Mama, hiyo haishikwi," askari wa mlangoni akasema. Alikuwa kijana wa kwetu, nilimjua kwa matamshi. "Unangoja mtu?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia hicho chungu ni cha nyumbani kwangu. Akasoma kadi, akanitazama, akatabasamu kwa huruma.

"Wageni wanakaa pale," akasema, akanionyesha viti.

Nikaenda nikakaa. Baada ya muda msichana mmoja mwenye aproni akaja, akainama vizuri, akaniuliza nitakunywa soda gani.